Ukiwa Likizoni, Nani Anasoma Barua Zako?



Karani akienda likizo ya uzazi, au mhasibu akilazwa hospitali, mwajiri huagiza barua pepe zake zote zipelekwe moja kwa moja kwa mtu mwingine. Fundi wa kompyuta huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Shughuli za ofisi haziwezi kusimama, na hilo hatulipingi.

Taabu ni kwamba mtambo hauchagui. Zamani karani wa masijala alipoona bahasha imeandikwa "Binafsi" aliiweka kando bila kuifungua. Kompyuta hupitisha zote: ankara ya mteja, majibu ya daktari, barua ya mke, na malalamiko ya mwanachama kwa mwakilishi wake. Aliyeandika hana habari. Huenda amemlalamikia msimamizi, kumbe msimamizi huyo huyo ndiye anayepokea!

Waajiri husema kompyuta ni mali yao. Meza nayo ni mali yao, lakini mkoba ulio juu yake una mwenyewe. Hapa Uganda, Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 1995 inakataza kuingilia mawasiliano ya mtu, na ipo sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi.

Wenzetu wa Ulaya wamekwisha lipigania jambo hili. Bărbulescu, mfanyakazi wa Romania, alifukuzwa mwaka 2007 baada ya mwajiri kusoma ujumbe aliowapelekea ndugu yake na mchumba wake kwa mtambo wa kazini. Mwaka 2017 majaji wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, 11 kwa 6, waliamua kwamba haki yake haikulindwa. Amri za mwajiri haziwezi kufuta kabisa maisha ya faragha kazini. Huko Norway, kanuni za mwaka 2018 zinamtaka mwajiri amwarifu mfanyakazi kabla ya kufungua sanduku lake, kila inapowezekana, na mfanyakazi anaweza kuwa na mwakilishi wake kando. Waajiri walioelekeza barua za wafanyakazi kwa watu wengine kinyume cha sheria wametozwa faini.

Sisi tunataka mkataba wa hali bora useme hivi: mtu akiwa hayupo, sanduku lake lijibu lenyewe, limtajie mwandishi jina na anwani ya anayeshika nafasi. Mwandishi ataamua mwenyewe kama barua yake imfuate huyo au ingoje. Kazi itaendelea vile vile, hata kama wakuu wengine wataona jibu hilo ni rahisi mno.

Mahali ambapo barua zimekwisha anza kuelekezwa, aliyekabidhiwa akiona mistari ya kwanza ni ya nyumbani, aache kusoma, ampelekee mwenyewe, wala asibaki na nakala. Na makatibu wa matawi wasitumie tena anwani za ofisi kwa habari za wanachama.