Mpagazi Hayumo Kwenye Kisanduku

Jumamosi asubuhi katika Soko la Toi, Nairobi, hukosi kuona fungu la vitu vya watoto vilivyotoka kwenye mitumba: magari yasiyo na magurudumu, wanasesere wa jicho moja, na ukibahatika, mfuko wa askari wa plastiki. Mimi huwafuata hao askari. Napekua hadi chini nikitafuta wenye urefu wa milimita 54, kipimo walichokizoea wakusanyaji tangu zama za askari wa madini ya risasi. Mwaka 1893 kampuni ya Britains ya Uingereza ilianza kumimina risasi kwenye kalibu na kuiacha sanamu tupu ndani. Bei ikashuka, na majeshi ya dunia yakaingia vyumbani mwa watoto. Hata askari wetu wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, KAR, walitengenezewa seti yao.

Nikifika nyumbani Kawangware, naanza na uso. Napaka hudhurungi iliyokolea yenye tone la nyekundu, kisha nyepesi kidogo kwenye paji, pua na mashavu. Brashi ni ya kuchorea kucha, nainunua River Road. Tarbushi huwa nyekundu, kaptula kaki. Kwenye miguu ndiko ninakokawia. Askari wengi wa KAR walipigana Vita Vikuu vya Kwanza wakiwa peku, kwa hiyo nanyoa buti za plastiki kwa wembe mpaka vidole vitokeze, halafu napaka vumbi jekundu hadi vifundoni.

Kwa muda mrefu sikupaka mwingine ila askari. Kisha alasiri moja, nikingoja mvua ipungue mjini, nilijikuta nikiitazama ile sanamu ya shaba iliyo katikati ya Kenyatta Avenue. Ni kazi ya James Alexander Stevenson, imesimama hapo tangu 1928, na ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Nimepita hapo tangu utotoni nikihesabu askari watatu. Siku hiyo ndipo nilipong'amua kwamba mmoja wao ni mpagazi.

Nilirudi nyumbani nikafungua visanduku vyangu vyote. Hamkuwa na mpagazi hata mmoja.

Na wapagazi ndio waliobeba vita. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara zilikuwa chache, kwa hiyo chakula, risasi na mahema vilisafiri kwa kichwa cha binadamu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilisomba vijana kwa nguvu kutoka vijijini. Kambi yao Nairobi ndiyo iliyotuachia jina la mtaa wa Kariokor. Vifo vilivyoandikwa rasmi vilizidi 40,000, na mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyeandika kitabu kizima juu yao, anaonyesha kwamba hesabu hiyo ni pungufu. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kichomi na kuhara damu, na unga wa mahindi usioiva uliwamaliza matumbo.

Sasa nawatengeneza mwenyewe. Namchukua askari wa plastiki, naikata bunduki, naikunja mikono yake juu ya moto wa mshumaa mpaka ifike kichwani. Kata naisokota kwa uzi wa kushonea. Mzigo ni kitambaa cha shati kuukuu kilichochovywa kwenye gundi nyeupe na kufungwa kwa uzi. Mzigo wenyewe ulikuwa wa kilo 25 hivi, basi shingo haiwezi kusimama wima kama ya mtu anayepigiwa gwaride. Naikata, naiinamisha kidogo mbele, naigandisha tena. Hapo ndipo sanamu inapopata uzito.

Panda matatu namba 111 upite Dagoretti Corner, utafika karibu na makaburi ya vita ya Ngong Road. Mawe yamepangwa safu kwa safu, majina yakisomeka, mengi ya waliokufa katika vita vya pili. Mpagazi wa 1917 hakupewa jiwe. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Niliisoma taarifa hiyo mara mbili, na bado inaniuma.

Rafu yangu ina askari 20. Katika vita vya kwanza kila askari alihitaji wapagazi wawili, watatu au zaidi nyuma yake; nikichukua watatu, nadaiwa 60. Nimemaliza 11. Wa kumi na mbili anakauka dirishani, kata iko kichwani, mzigo bado.