Kifaru cha Kijerumani katika shamba la ngano

Mtu akiingia nyumba ya jamaa yake kule Lamu akaona jahazi dogo la mbao limewekwa juu ya kabati, haulizi limewekwa la nini. Jahazi limelisha watu. Atalisogelea, atatazama mlingoti na foromali, na kama ni mtu wa bahari atatambua papo hapo iwapo fundi aliyelichonga amewahi kupanda chombo. Lakini mtu akiingia chumbani kwangu na kukuta kifaru cha vita cha Kijerumani, urefu wake shubiri moja na ushei, swali huwa ni moja tu: "Bwana wee, hiki nacho kina faida gani?"

Swali hilo ni la haki, na kwa muda mrefu sikuwa na jawabu lake. Nilisema tu kwamba kazi ya mikono huituliza akili. Hilo ni kweli, lakini hata kufuma kofia huituliza akili, na kofia huvaliwa.

Vitu hivi huja katika sanduku la karatasi ngumu, vipande mia kadhaa vya plastiki vikiwa vimeshikana kama samaki katika uzi. Kampuni iliyovipa sifa duniani ni Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani. Yoshio Tamiya alianza na biashara ya mbao mwaka 1946, kisha kampuni ikageukia meli na ndege ndogo za mbao, na hatimaye plastiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitoa kifaru cha Kijerumani aina ya Panther, chenye mota ndani. Ukubwa wake haukutokana na hesabu ya mainjinia. Walipima nafasi ya kutosha betri, wakakijenga kifaru kuzizunguka, na walipopiga hesabu wakaona kimetoka sehemu moja kwa thelathini na tano ya kile cha kweli. Kipimo hicho cha betri ndicho kinachofuatwa hadi leo na wajenzi wa vifaru ulimwengu mzima!

Mimi nilichagua Tiger, na si Tiger yoyote, bali ile yenye namba 131 iliyotekwa Tunisia mwaka 1943. Kifaru cha kweli kilikuwa na uzito wa tani 57. Deraya yake ya mbele ilikuwa unene wa milimita 100, mzinga wake wa milimita 88, na ndani waliketi watu watano. Juu ya meza yangu, milimita 100 za chuma huwa karibu milimita tatu za plastiki, na mtu mzima huwa na kimo cha kidole cha shahada hivi. Ukikosea kwa unene wa ukucha, umekosea kwa unene wa kidole.

MAKOSA YA LIPU

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtu mwenye haraka. Nilikuwa na picha ya Tiger iliyopigwa Normandy, Ufaransa, mwaka 1944. Katika picha ile kiwiliwili chote cha kifaru kimepakwa kitu kama lipu iliyochorwa mistari mistari. Nikavutiwa. Nikachukua dawa ya kuzibia nyufa, nikapaka, na kwa kijiti cha kuchokolea meno nikachora mstari mmoja mmoja usiku nne mfululizo, macho yakinitoka machozi.

Usiku wa tano ndipo nilipozingatia tarehe. Lipu ile, Wajerumani wakiiita Zimmerit, ilikuwa ya kuzuia mabomu ya sumaku yasigande juu ya chuma, nayo ilianza kupakwa katika nusu ya pili ya mwaka 1943. Vita vya Tunisia vilikwisha tarehe 13 Mei mwaka huo. Kifaru changu, basi, kilivaa nguo ambayo ilikuwa bado haijashonwa. Nikachukua msasa, nikakwangua zote.

Tangu hapo nimejifunza kutokiamini kipande chochote mpaka nikiulize kilitoka wapi na kilikuwa na kazi gani. Nyuma ya Tiger za Tunisia kuna mitungi kila upande, na mabomba manene yanayopanda mpaka juu ya injini. Mtoto atadhani ni mapambo. Hayo ni machujio ya hewa, kwa sababu vumbi lilikuwa likiingia ndani na kuila injini. Mabomba ya plastiki yaliyomo sandukuni ni laini mno. Nimeyatupa na kuyafanya upya kwa waya wa risasi niliouzungushia waya mwembamba wa shaba, mpaka ukawa na mikunjo kama bomba la kweli.

Tazama pia minyororo. Tiger ilikuwa na minyororo ya aina mbili: ya vitani yenye upana wa milimita 725, na mingine ya milimita 520 ya kusafiria kwa gari moshi, maana kwa ile mipana kifaru kilipita kipimo cha reli. Kila safari watu walivua minyororo na magurudumu ya nje, wakafunga mingine, na wakifika wakarudia kazi ile ile kinyumenyume. Minyororo ya vitani ni mizito, hivyo hulegea na kulala juu ya magurudumu. Ile ya mpira inayotolewa sandukuni husimama wima kama kamba ya kuanikia nguo. Dawa yake ni kutoboa tundu ubavuni, nyuma ya magurudumu, na kuufunga mnyororo kwa uzi mweusi mpaka uiname. Kazi ya saa nzima, na hakuna atakayeuona uzi wenyewe.

Waya wa redio hutengenezwa kwa kupasha kijiti cha plastiki juu ya mshumaa na kukivuta polepole mpaka kiwe chembamba kama unywele. Kutu ya bomba la moshi ni rangi ya kahawia iliyochanganywa na unga wa chaki. Vumbi ni chaki vile vile, lakini hapa wengi hupotea, hupaka matope mpaka kifaru kikafanana na kiazi. Kumbuka kwamba tope la milimita moja mezani ni tope la sentimita tatu na nusu shambani.

Rangi imeniletea mabishano zaidi ya kitu kingine. Picha karibu zote za wakati ule hazina rangi, na watu waliozoea vifaru vya kijivu vya Urusi hawakubali kingine. Lakini amri ya jeshi la Ujerumani ya mwaka 1941 kwa magari ya Afrika ilitaja hudhurungi ya manjano na kijivu chenye ukijani. Hizo ndizo nilizotumia, kisha nikazififisha kwa tapentaini, maana jua la miezi kadhaa haliachi rangi kama ilivyotoka koponi.

KICHWA KILICHOKWAMA

Sasa niseme kilichompata 131 mwenyewe. Wajerumani waliingia Tunisia mwezi wa Novemba mwaka 1942, mara tu Wamarekani na Waingereza waliposhuka Moroko na Algeria. Tiger za kwanza zilifika mwezi huo huo. Tarehe 24 Aprili 1943, katika kilima cha Gueriat el Atach karibu na mji wa Medjez el Bab, kombora la Waingereza lilipiga chini ya mzinga wa 131 na kukwama pale ambapo kichwa cha kifaru hukutana na kiwiliwili. Kichwa kikashindwa kuzunguka. Deraya ile ya milimita 100 haikutobolewa, lakini kifaru kisichoweza kugeuza mzinga wake ni sanduku tu. Wale waliokuwamo wakatoka wakakimbia, wakaacha injini inayoweza kuwaka.

Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba kilitekwa tarehe 21 mahali paitwapo Djebel Djaffa. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha ni siku nyingine na kilima kingine. Hata jumba la makumbusho, basi, huweza kupaka lipu yake mahali pasipostahili.

Kilionyeshwa mjini Tunis kwa Waziri Mkuu Churchill na kwa Mfalme wa Uingereza, kikapelekwa Uingereza kuchunguzwa, na tangu 1951 kimo katika jumba la vifaru la Bovington, kusini mwa Uingereza. Ukarabati ulioanza mwaka 1990 ulichukua zaidi ya miaka kumi. Leo kinakwenda kwa nguvu zake chenyewe, na jumba hilo husema hakuna Tiger I nyingine duniani iwezayo hivyo. Kimeigiza hata katika filamu ya "Fury" ya mwaka 2014.

Kisa hiki kilinifaa kwa jambo moja zaidi. Wajenzi wengi hupanga askari wadogo wa plastiki juu ya kifaru, wenye pua na macho. Hapa kwetu wapo wasiopenda sanamu za viumbe nyumbani, na mama mtu mzima wa nyumba yetu ni mmoja wao. Mimi nilichagua saa ile baada ya watu kukimbia. Milango iko wazi, mzinga umeelekea ulikokwama, na hakuna mtu. Mama alikitazama, akasema, "Haya, kikae," nami nikashukuru.

SHAMBA LA NANI?

Ikabaki ardhi ya kukiweka. Nilishamimina mchanga wa pwani uliochujwa, msafi kabisa, kwa kuwa kila mjenzi huweka Tiger ya Tunisia juu ya mchanga. Afrika ya Kaskazini si jangwa? Nilipotafuta picha za bonde la Medjerda, ambamo Medjez el Bab imo, nikaduwaa. Bonde lile lina mto, mizeituni kwenye miteremko, nyua za mipungate zenye miiba, na ngano. Watu wamelima ngano hapo tangu enzi za Warumi. Mwezi wa Aprili ngano huwa bado mbichi, na katikati yake maua mekundu yamejitokeza.

Kwa hiyo nikakwangua tena, safari hii mchanga. Nilichukua katani, nikaitia rangi ya kijani katika sufuria kuukuu, nikaikata vipande vya sentimita mbili na kidogo, kimo cha ngano ya kufika pajani, nikaipanda kwa gundi kifungu baada ya kifungu. Yapata vifungu elfu. Kisha nikachukua minyororo ya akiba, nikaikandamiza juu ya ngano ile njia mbili, kila moja upana wa sentimita mbili, kutoka ukingo wa ubao mpaka chini ya kifaru. Niliona uchungu kuivunja, na ilikuwa ni katani tu.

Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuja kutazama. Mzinga hakuuuliza. Alifuata zile njia mbili kwa kidole, akasema, "Mjomba, hili shamba la nani?"

Nikamwambia ni la mtu wa huko Medjez el Bab.

"Walimlipa?"

Vitabu vyangu vya vifaru, na ninavyo vingi, vinaeleza unene wa kila bamba la chuma na namba ya kila rangi. Vinahesabu vifaru vilivyounguzwa na askari waliokufa. Karibu na Medjez el Bab yako makaburi ya askari wa Uingereza na makoloni yake karibu 3,000, kila moja na jiwe lake jeupe. Lakini nchi ile wakati huo ilikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa, Bey akikaa Tunis bila nguvu, na Waislamu wake hawakuulizwa na upande wowote kama wanataka vita mashambani mwao. Sfax, Sousse na Bizerte zilipigwa mabomu kutoka angani. Mayahudi wa Tunis, majirani zao wa siku zote, maelfu kwa maelfu walikamatwa na Wajerumani wakafanyishwa kazi kwa nguvu. Mei ikaja, Wajerumani na Wataliano zaidi ya laki mbili wakajisalimisha, majeshi yakavuka kwenda Sicily, na mwenye ngano akabaki na shimo la kombora na bomu lililofukiwa asijue liko wapi. Kijana hakupata jawabu langu, kwa sababu sikuwa nalo.

Wakati huo huo wenzangu wa kazi hii wamekilaumu kifaru changu. Wanasema ngano imekuwa nyingi, inamvuta mtazamaji na kumtoa kwenye deraya, na kwamba baada ya kuhangaika na machujio yale ningeyageuzia mbele yaonekane. Huenda ni kweli. Lakini watu wengine wanaoingia chumbani hawaulizi tena kina faida gani. Huinama, hutazama milango iliyo wazi, kisha hutazama zile njia mbili.

Kazi bado haijamalizika. Unyevu wa bahari umeanza kuilegeza gundi, na upande wa kusi ngano yangu imelala bila kukanyagwa na mtu. Nimeanza pia ua wa mipungate nyuma ya kifaru. Mbegu za tikiti maji zilizokaushwa zinafaa kabisa kwa majani yake. Huziunganisha moja juu ya nyingine na kuzipaka kijani kibichi cha vumbi. Nimefika mbegu ya sitini na tatu, na mpwa wangu ndiye anayezihesabu.