Kusubiri Si Kupumzika

Mwezi uliopita, nje ya uwanja wa ndege wa Mtwara, kijana wa bodaboda aliniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza swali ninaloulizwa Chikongola, Ligula, Mikindani na katika kila arusi ninayoalikwa: "Kapteni, nyie wa jeti za matajiri mnalipwa dola ngapi? Maana mnaruka saa moja tu, halafu kutwa nzima mmepumzika."

Kwa miaka mingi nimelijibu swali hili kwa tabasamu na kupita. Sasa basi. Siku chache baadaye nililisikia kwa mzazi anayetaka kuuza shamba la mikorosho ili mwanawe akasomee urubani, na hesabu yake yote ameijenga juu ya neno lile la mwisho: mmepumzika. Mtu anayetaka kuuza mikorosho iliyopandwa na babu yake anastahili kuambiwa ukweli.

Nianze na siku moja niliyoifanya mwenyewe, katika jeti yenye marubani wawili. Niliamka Dar es Salaam saa tisa na nusu usiku. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa uwanjani nikisoma hali ya hewa, nikikagua ndege na kupiga hesabu ya mafuta. Tuliruka saa moja asubuhi na baada ya dakika hamsini tulikuwa Mtwara, kwa kuwa angani ni kama kilomita 400 tu. Wageni wakapanda magari yao, wakatuagiza tuwe tayari saa saba mchana.

Saa saba hawakuja. Simu ikalia: "Tunamalizia, msiondoke." Saa kumi, simu nyingine, maneno yaleyale. Ndani ya ndege kulikuwa na joto la tanuri, kwa hiyo tulikaa kivulini kwenye viti vya plastiki, sare mwilini, simu mkononi, na kila gari lililokata kona lilitusimamisha. Walirudi saa moja usiku. Tuliruka saa moja na dakika arobaini na tano, magurudumu yakagusa lami ya Dar saa mbili na dakika thelathini na tano usiku.

Katika daftari langu la urukaji, siku ile ni saa moja na dakika arobaini. Hicho ndicho anachokiona kijana wa bodaboda, na ndicho anachokiona mwenye ndege. Lakini nilipokuwa natua, kazi ngumu kuliko zote katika safari, nilikuwa macho kwa saa 17 na dakika tano.

Saa 17 si namba ya kupuuza. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio la kuwapima watu walipokesha na walipokunywa pombe kwa kazi ileile inayohitaji jicho na mkono kushirikiana. Waliokaa macho saa 17 walifanya vibaya sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Waliofikisha saa 24 walikuwa kama wenye asilimia 0.10. Hakuna abiria atakayekubali kupanda ndege ya rubani anayenuka pombe. Abiria haohao hupanda bila wasiwasi ndege ya rubani waliyemweka kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, kwa sababu wanaamini kwamba alikuwa anapumzika.

Hakuwa anapumzika. Pumziko, katika kazi yetu, lina maana moja. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho mataifa hukitegemea kutunga kanuni za uendeshaji wa ndege, kinalieleza kuwa ni kipindi mfululizo, chenye mipaka inayojulikana, kabla au baada ya zamu, ambacho rubani hana jukumu lolote. Shika mambo matatu hapo: kipindi kiwe mfululizo, mipaka yake ijulikane, na jukumu lisiwepo. Siku ile ya Mtwara haikuwa na hata moja.

Wavuvi wa Msimbati wanalielewa hili kuliko wakodishaji wengi wa ndege. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Mvuvi anayengoja maji anajua yatajaa saa ngapi. Anarudi nyumbani, anakula, analala, anaamka wakati wake umefika. Huyo amepumzika. Sasa mwambie kwamba leo maji yanaweza kujaa dakika yoyote kati ya mchana na usiku, na yasipomkuta ufukweni atafukuzwa kazi. Hatapata usingizi hata ukimtandikia godoro. Wote wawili wamekaa muda uleule bila kufanya kazi ya mikono, ila mmoja ana nguvu na mwingine amechoka.

Wenzetu wa Ulaya wameliweka hili katika kanuni zao bila kigugumizi. Rubani wa shirika la ndege akiwekwa standibai, yaani tayari kuitwa, uwanjani, kila saa inahesabiwa kuwa ya kazi. Akiwekwa standibai nyumbani, robo ya muda ule inahesabiwa. Na zamu ikikatwa katikati kwa saa sita au zaidi ili marubani wapumzike, sharti wapewe chumba kila mmoja, chenye kitanda, utulivu, hewa na namna ya kuzuia mwanga. Viti vya plastiki na sebule ya abiria havitoshi. Masharti hayo hayakuandikwa ili kuwapa marubani anasa. Yaliandikwa kwa sababu watu wamekufa.

Hapo ndipo msemaji wa pili hudakia: "Si mnywe kahawa?" Nimechoka na dawa hii. Kahawa haiondoi uchovu, inaufunika. Kafeini huzuia ubongo usisikie ishara ya usingizi, lakini deni la usingizi liko palepale na linaendelea kukua. Tena baada ya kama saa tano, nusu ya kafeini ile bado imo mwilini. Kikombe cha saa kumi na moja jioni, ulichokinywa ili utue salama, kitakukeshesha kitandani saa nne usiku, na kesho alfajiri utaanza zamu na deni la jana. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni kafeini hiyohiyo iliyotiwa sukari. Tangawizi ni kiungo kizuri cha chai, basi.

Wengine hushika njia ya upande wa pili: vidonge vya usingizi, ili walale kwa lazima. Tarehe 31 Julai 2008, jeti ya kukodi aina ya Hawker 800 ilianguka Owatonna, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Abiria sita na marubani wawili walikufa. Ndege ilikwisha kutua, kisha rubani akaamua kuruka tena wakati njia iliyobaki haikutosha. Wachunguzi walitaja uchovu wa marubani wote wawili miongoni mwa mambo yaliyochangia, na walibaini kwamba rubani msaidizi alikuwa ametumia dawa ya usingizi bila kuandikiwa na daktari. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya kukodi, imebeba watu wa biashara waliotoka asubuhi kwenda mkutanoni. Safari ya namna hiyohiyo huja Mtwara.

Dawa ya usingizi ni kulala. Jaribio la shirika la NASA lililochapishwa mwaka 1994 liliwapa marubani wa safari ndefu, kwa zamu na kwa mpango, nafasi ya dakika 40 ya kupumzika kitini. Walilala wastani wa dakika 26 na umakini wao ukapanda waziwazi kuliko wenzao ambao hawakupata nafasi hiyo. Kama usingizi wa dakika 26 unafanya hivyo, fikiria chumba chenye kitanda huko Shangani, Mtwara, kwa saa tano kingetufanyia nini siku ile. Bei ya chumba hicho ni ndogo sana mbele ya bei ya mafuta tuliyochoma. Na asiniambie mtu kwamba ndege inajiendesha yenyewe. Mtambo husaidia njiani. Hauamui kama mvua iliyoko mbele inapitika, wala kama tuache kutua tuzunguke tena.

Kuna tofauti moja ambayo kila anayetamani jeti ya tajiri aijue. Ndege inayobeba abiria kwa malipo hufanya kazi chini ya cheti cha mwendeshaji, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania hukagua saa za zamu za marubani wake. Ndege ambayo tajiri anaitumia mwenyewe huwa na masharti mepesi zaidi katika nchi nyingi. Marekani, sheria inayosimamia safari hizo za binafsi haimwekei rubani kikomo cha saa za zamu hata kidogo. Kwa hiyo kwenye jeti binafsi kabisa, kinachokulinda ni mkataba wako na ujasiri wako wa kusema hapana.

Sasa dola. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha kipato cha kati cha marubani wa mashirika ya ndege ya ratiba kuwa dola 219,140 kwa mwaka, na cha marubani wengine wa biashara, wakiwemo wa ndege za kukodi, dola 113,080. Ni kama nusu. Imani kwamba jeti ndogo ndiko kwenye fedha kubwa inafia hapo. Kwetu, malipo hutegemea aina ya ndege, saa ulizonazo na mkataba, na huwa na sehemu tatu: mshahara wa msingi, malipo ya kila saa ya kuruka, na posho ya kulala nje. Mtego uko katika sehemu ya pili. Ukilipwa kwa saa za kuruka, siku yangu ile ya Mtwara ni malipo ya saa moja na dakika arobaini. Jeti binafsi hukaa sana chini. Dai mshahara wa msingi unaotosha kuishi, au malipo ya siku ya zamu.

Jua pia kwamba kazi hii hufuata mfuko wa mteja. Mtwara imeyaona hayo. Miaka ya baada ya 2010, utafutaji wa gesi baharini ulileta helikopta na ndege za kukodi. Uchimbaji ulipopungua, zikaondoka. Ng'ambo ya mto Ruvuma, mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mradi mkubwa wa gesi ukasimama, na kazi za angani zilizoutegemea zikasimama nao. Tajiri mmoja akiuza ndege yake moja, marubani wake hawana kazi siku hiyohiyo.

Kwa anayeendelea kutaka, hizi ndizo njia, kwa ufupi. Kabla ya kuuza hata mkorosho mmoja, mpeleke kijana kwa daktari wa anga apimwe afya ya daraja la kwanza. Wengi wanakwama hapo baada ya ada kuliwa. Ulizia Mamlaka orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, ndani na nje. Leseni ya biashara hudai kama saa 200 za kuruka, na ya juu kabisa saa 1,500. Saa hizo hupatikana upesi kwenye Cessna Caravan za kwenda Mafia, Zanzibar na mbugani, si kwenye jeti inayoegeshwa wiki nzima. Shirika la ratiba litakupa rosta inayojulikana mapema. Kampuni ya kukodi itakupa safari za aina nyingi na simu za ghafla. Marubani wa helikopta za gesi hufanya kazi kwa wiki kadhaa, kisha wiki kadhaa nyumbani. Marekani, kampuni ya jeti ya NetJets imezoea siku saba kazini na siku saba nyumbani, na rubani mwenye watoto ataona thamani yake kuliko nyongeza ya mshahara. Kampuni ikikulipia mafunzo ya aina ya ndege, soma kipengele cha kukufunga kwa miaka kabla ya kutia sahihi. Likizo ya siku 28 kwa mwaka ni haki yako kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004.

Na siku ya usaili, uliza maswali matatu kabla ya lile la mshahara. Rosta hutoka siku ngapi kabla? Nani ana ruhusa ya kuibadili? Tukikaa kituoni zaidi ya saa tano, chumba kinalipiwa na nani? Mwajiri asiye na majibu amekwisha kukueleza maisha utakayoishi kwake.

Neno la mwisho ni kwenu mnaokodi ndege. Mkisema mtarudi saa saba, rudini saa saba. Mkiona mkutano unarefuka, pigeni simu mapema na mtaje saa mpya: "Tutaondoka saa kumi na mbili, nendeni mkalale." Simu hiyo moja hugeuza kusubiri kuwa pumziko, na wa kwanza kunufaika nayo ni ninyi mtakaokaa viti vya nyuma usiku ule.