Mashine ya picha imefika. Nani ataisoma?

Ukimuuliza mtu wa Viwanja Sitini hospitali ipi ni nzuri, hachelewi kutaja vipimo. Pale wana eksirei, kule wana ultrasaundi, Morogoro kuna siti skani. Ndivyo wengi wetu tunavyopima huduma: kwa mashine zilizopo. Na mashine mpya ikija, viongozi huja kuizindua na sisi watangazaji huja na vinasa sauti.

Kuna jambo moja ambalo kwenye uzinduzi halisemwi sana. Mashine hutoa picha tu. Jibu la ugonjwa hutolewa na mtu aliyesomea kuisoma picha hiyo, na watu hao nchini ni wachache. Makala hii inaeleza kwa nini, na wewe msikilizaji wetu ufanye nini ili nauli na pesa ya kipimo visiende bure.

Picha moja, watu wanne

Wa kwanza ni daktari au tabibu anayekuandikia picha. Wa pili ni mteknolojia mionzi, yule anayekuelekeza usimame vipi, ushike pumzi lini, kisha anapiga. Wa tatu ni daktari bingwa wa radiolojia, ambaye kazi yake ni kuisoma picha na kuandika ripoti. Wa nne hatumwoni kabisa: fundi wa vifaa tiba, anayehakikisha mashine haikai miezi imefunikwa shuka kwa sababu ya kifaa kimoja kilichoungua.

Akikosekana wa tatu, picha husomwa na yule yule aliyeiandika. Kwa mfupa wa paja uliovunjika, mara nyingi hakuna tabu. Lakini kivuli kidogo kwenye pafu, au damu iliyovuja kidogo ndani ya kichwa baada ya ajali ya bodaboda, vinaweza kumpita daktari mzuri kabisa ambaye hakusomea kazi hiyo. Mgonjwa anarudi nyumbani akiwa ameambiwa picha iko safi.

Nchi ina mashine ngapi?

Kila mashine ya eksirei nchini inatakiwa kusajiliwa na kukaguliwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, kwa kifupi TAEC. Mwaka 2014 watafiti Patrick Ngoya, Wilbroad Muhogora na Richard Pitcher walichukua orodha hiyo ya TAEC na kuhesabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Walikuta kwamba katika vituo vya umma kulikuwa na mashine 5.7 za eksirei za kawaida kwa kila watu milioni moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 20. Walipolinganisha na vituo vya umma vya Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa na eksirei pungufu mara 3, MRI pungufu mara 6 na siti skani pungufu mara 21. Habari njema ni kwamba eksirei zilizokuwepo ziligawanywa kanda kwa kanda bila upendeleo mkubwa.

Tangu hapo mambo yamesogea. Katika fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, zilizotolewa kupambana na UVIKO-19, sehemu ilikwenda kununua siti skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa upande wa vyuma, pengo linapungua.

Mtu hanunuliwi kwa zabuni

Mashine inaweza kuagizwa leo na kufungwa kabla ya mwaka kuisha. Daktari bingwa wa radiolojia husoma udaktari miaka 5, anafanya mafunzo ya vitendo mwaka 1, kisha anasomea ubingwa miaka 3. Hiyo ni miaka 9, bila kuhesabu muda wa kusubiri ajira au ufadhili katikati. Mtoto anayefanya mtihani wa kidato cha sita mwaka huu, akianza moja kwa moja, ataanza kutusomea picha karibu muongo mzima baadaye.

Wateknolojia mionzi nao husoma stashahada au shahada, kisha husajiliwa na baraza lao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Hawa hupatikana zaidi kuliko mabingwa, lakini kituo chenye mmoja tu hubaki bila huduma siku akienda likizo au akiugua.

Wakihitimu, mabingwa wengi hubaki kwenye miji mikubwa, Dar es Salaam ikiongoza. Huko kuna hospitali za kufundishia, mashine za kisasa, na mwenzako wa kumuuliza picha ikikutatiza. Kumleta bingwa mmoja peke yake wilayani, bila mwenzake na bila intaneti ya uhakika, ni kumweka mahali pagumu.

Hapa bondeni

Kwa wakazi wa Kilombero, Ulanga na Malinyi, njia nyingi za rufaa huishia Ifakara, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Daraja la Magufuli limeondoa adha ya kusubiri kivuko mtoni. Lakini mgonjwa wa Malinyi wakati wa masika bado anahesabu nauli yake, nauli ya msindikizaji, chakula na mahali pa kulala. Akiambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu msomaji hayupo, au picha irudiwe kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri, wengine hawarudi tena. Hapo ndipo uchache wa watu unapogeuka kuwa ugonjwa uliochelewa.

Njia zinazojaribiwa

*Kuituma picha.* Eksirei za sasa hazihitaji filamu. Picha hukaa kwenye kompyuta na inaweza kutumwa kwa bingwa aliye mbali akaisoma. Hii inataka intaneti, umeme na makubaliano ya nani anajibu na kwa muda gani. Kupiga picha ya filamu kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp si njia hiyo. Vitu vidogo hupotea, na siri ya mgonjwa pia.

*Kuwafundisha wengine ultrasaundi.* Ultrasaundi haitumii mionzi, na mashine yake inasogezwa hadi kitandani. Watafiti wanaofanya kazi Ifakara na Dar es Salaam walichapisha mwaka 2019 utafiti kuhusu kutumia ultrasaundi kwa wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, wakitafuta dalili kama maji kuzunguka moyo au mapafu na tezi zilizovimba tumboni. Daktari aliyefundishwa maswali machache mahususi anaweza kuyajibu bila kuwa bingwa. Sharti ni ajue mwisho wa ujuzi wake, na awepo wa kumkagua.

*Kompyuta kusaidia kusoma.* Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike kusoma eksirei za kifua katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Programu inaonyesha nani apimwe zaidi. Makohozi bado yanapimwa.

Je, kila maumivu yanataka picha?

Hapana. Baada ya palizi ya mpunga, wengi huja na mgongo wakitaka eksirei. Mgongo mwingi wa namna hiyo hupona ndani ya wiki chache, na picha haibadilishi matibabu. Picha ni muhimu kama umeanguka, una homa, unapungua uzito, miguu inakosa nguvu, au umeshindwa kuzuia haja. Hizo mbili za mwisho usizisubirishe hata siku moja.

Mionzi nayo si ya kuchezea. Eksirei moja ya kifua ina kiasi kidogo sana, lakini siti skani ya tumbo inaweza kuwa mara mia ya hiyo. Marekani, ambako mashine ni nyingi, zilipigwa siti skani milioni 93 mwaka 2023, na watafiti wakakadiria kwamba zinaweza kuleta saratani zipatazo 103,000 huko mbele. Wao wanahangaika na wingi, sisi na uchache. Kwa hiyo daktari akikuambia picha haihitajiki, hajakudharau.

Kwa mama mjamzito, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Husaidia kujua umri wa mimba, mapacha na baadhi ya kasoro. Usingoje mwezi wa nane.

Ukiandikiwa picha, uliza haya

- Picha hii inatafuta nini, na jibu litabadilisha nini katika matibabu yangu?
- Nani ataisoma, na ripoti nitaipata lini?
- Bima yangu inalipia? Uliza kabla ya kupanda gari.
- Kama unahisi una mimba, sema kabla hujaingia chumba cha eksirei.
- Chukua picha na ripoti, vitunze pamoja mahali pakavu, na uende navyo kila hospitali. Vinaweza kukuepusha kulipia mara ya pili.

Na siku diwani au mbunge atakaposimama kwenye mkutano wa kijiji kutangaza mashine mpya, mpigieni makofi, anastahili. Kisha mmoja wenu anyooshe mkono aulize maswali matatu: nani ataipiga, nani ataisoma, na ikiharibika nani ataitengeneza? Majibu yake yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.