Simu, Serikali na Imani ya Mwananchi

Zamani mgeni aliyepanda Rondo kutoka Lindi aghalabu habari zake zilimfikia mjumbe wa nyumba kumi upesi. Utaratibu huo, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, nao ulikuwa njia ya kuwaangalia watu, wala hakuna aliyedhani vinginevyo. Lakini mwangalizi alikuwa na jina na uso. Aliyeona ameonewa aliujua mlango wa kubisha hodi. Simu imeuondoa uso huo.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi simu inavyofanya kazi. Simu yoyote iliyowashwa, hata kitochi, huwasiliana na mnara ulio karibu nayo. Kampuni ya simu hubaki na kumbukumbu: namba ipi ilipigia namba ipi, saa ngapi na kupitia mnara upi. Maneno yaliyosemwa hayamo, lakini azisomaye kumbukumbu za mwezi mmoja aweza kukisia mtu alala upande gani, afanya kazi wapi na ashauriana na nani. Vijijini, ambako mnara mmoja huhudumia eneo kubwa, kumbukumbu hizo haziioneshi nyumba. Simu janja ndiyo ifupishayo umbali huo hadi hatua chache, kwa kuwa hukokotoa majira ya mahali ilipo kutokana na mawimbi ya setilaiti na kuyapa programu zilizomo ndani yake.

Kumbukumbu hizo zilipata jina la mtu kwa uhakika zaidi Mei 1, 2019, uandikishaji wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulipoanza nchini. Muda ulisogezwa kutoka Desemba 31, 2019 hadi Januari 20, 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia uhalifu, na kila aliyewahi kupokea ujumbe wa kumwambia ‘ile pesa’ aitume kwenye namba fulani aliielewa. Hata hivyo Ibara ya 16 ya Katiba inahifadhi mawasiliano binafsi ya mtu. Swali linalobaki ni nani aruhusiwe kufungua daftari hilo, na kwa jambo gani.

Mfano wa Singapore wafaa kutazamwa. Mwaka 2020 Serikali ya huko ilitoa programu ya simu ya kuwatambua waliokaribiana na wagonjwa wa korona, ikaahidi kwamba taarifa zake hazitatumika kwa jambo jingine. Wengi waliipokea. Januari 2021 Bunge likaelezwa kwamba polisi nao waweza kuzichukua kwa upelelezi. Manung’uniko yalikuwa makubwa, na mwezi uliofuata ikatungwa sheria ya kuwaruhusu kufanya hivyo kwa makosa mazito tu. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2020 kwamba Huduma Namba isiendelee kabla ya kuwapo kanuni kamili za kuiongoza, ikakataza pia kukusanya vinasaba vya watu na majira ya mahali wanapoishi. Nchi hizo mbili zina tabia tofauti za utawala, lakini wananchi wake walikasirishwa na jambo lililo karibu moja: kuandikwa kwa shughuli hii na kusomwa kwa shughuli ile, au kutojua kabisa kitakachofuata.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Inamtaka akusanyaye taarifa amweleze mwenyewe sababu, na inampa mwenyewe haki ya kuziona na kuzisahihisha. Yapo mambo yaliyoachwa nje, usalama wa taifa ukiwa mojawapo, na hapo ndipo imani hupimwa.

Lakini sheria hiyo haiitazami Serikali peke yake. Chama cha msingi kinachoandika jina la mkulima, namba yake ya simu, ya NIDA na ya akaunti ya benki ni mkusanyaji pia. Wakulima wa korosho wa Lindi wanaijua thamani ya orodha hizo tangu Novemba 2018, Serikali ilipoamua kuinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakasubiri uhakiki wa wakulima na mashamba yao. Katibu awezaye kumwambia mwanachama orodha imepelekwa wapi, lini na kwa amri ya nani, anafanana na yule mjumbe wa zamani. Katika vyama vingi, wakati wa msimu, karatasi hizo huwa zimelala juu ya meza karibu na mizani, mbele ya kila apitaye.