Karai la Jakarta na bei ya mafuta Kariakoo

Mwagizaji wa mafuta ya kula wa Dar es Salaam au Mombasa huangalia mambo matatu kabla hajalipia mzigo: bei ya dola, nauli ya meli na ushuru wa forodha. La nne, ambalo wengi hulipuuza, ni karai la mpishi wa Indonesia.

Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yanayoshushwa katika bandari za Afrika Mashariki ni mawese. Indonesia peke yake huzalisha zaidi ya nusu ya mawese yote duniani. Ukiongeza Malaysia, nchi hizo mbili hushika zaidi ya asilimia 80. Tatizo kwa mnunuzi ni kwamba Indonesia si muuzaji tu. Ni mlaji mkubwa pia, na mambo yakiwa magumu jiko lake ndilo hupewa kwanza.

Chakula chenyewe kinaeleza sababu. Mitaa ya Jakarta, Bandung na Surabaya imejaa mikokoteni ya gorengan, yaani vitu vya kukaanga: ndizi zilizochovywa katika unga, tofu iliyojazwa mboga, bakwan ambazo mtu wa Pwani angeziita bajia, na tempe, ambayo ni soya iliyochachushwa mpaka ikashikana na kukatika vipande. Jioni vibanda vya chakula, warung, hukaanga kambare na kuku. Kerupuk, vile vipande vikavu vya wanga na uduvi, havina maana mpaka vimevimba ndani ya mafuta ya moto. Na wali uliolala haumwagwi. Hukaangwa asubuhi ukawa nasi goreng.

Kazi hiyo zamani ilifanywa na mafuta ya nazi. Mawese yaliyachukulia nafasi katika miaka ya 1970 na 1980, kwa sababu ya urahisi wa bei. Mti wenyewe ni wa Afrika: miche minne ilipandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na mashamba makubwa ya biashara yakaanza Sumatra mwaka 1911. Hivyo mtu wa Kigoma aliyekulia chini ya michikichi leo huweza kukaangia mafuta yaliyovuka Bahari ya Hindi kumfuata.

Wauza gorengan wengi hawanunui mafuta ya chupa. Hununua mafuta yasiyofungashwa, yanayochotwa kutoka kwenye pipa na kutiwa katika kifuko cha plastiki, sawa kabisa na mafuta ya kupima ya kwetu. Mtaji wao ni mdogo na hauna akiba ya wiki mbili. Bei ikipanda asubuhi, jioni kipande cha tempe kimepungua ukubwa. Serikali yoyote ya Jakarta hulijua hilo, na hapo ndipo mfanyabiashara wa huku anapoanza kuhusika.

Yaliyotokea mwaka 2022 ni funzo kamili. Bei ya dunia ilikuwa imepanda tangu mwaka uliotangulia. Januari 2022 serikali ya Indonesia iliweka bei ya mwisho ya rupia 14,000 kwa lita ya mafuta yaliyofungashwa, na mwezi uliofuata mafuta ya kupima yakawekewa rupia 11,500. Nje ya nchi mafuta hayohayo yalikuwa yanauzwa kwa bei kubwa zaidi. Matokeo angeweza kuyatabiri muuza duka yeyote: rafu zikabaki tupu, akina mama wakapanga foleni, na maduka makubwa yakamwekea kila mteja kikomo cha lita mbili. Megawati Sukarnoputri, rais wa zamani, alihoji kwa nini watu wahangaike na kukaanga ilhali chakula huweza kuchemshwa au kupikwa kwa mvuke. Alilaumiwa sana. Kwa muuza bakwan lile halikuwa suala la mapishi, bali la riziki.

Vita vya Ukraine, vilivyoanza Februari, vilikata mafuta ya alizeti na kuwasukuma wanunuzi wa dunia kwenye mawese. Machi 16 Jakarta ilisalimu amri na kuondoa kikomo cha mafuta ya chupa. Mafuta yakarudi madukani karibu mara moja, lakini kwa zaidi ya rupia 20,000 kwa lita. Ramadhani ilikuwa mlangoni. Aprili 22 Rais Joko Widodo alitangaza kwamba usafirishaji nje utapigwa marufuku kuanzia Aprili 28. Siku chache baadaye maofisa walisema marufuku yahusu mafuta yaliyosafishwa tu. Jioni ya Aprili 27, saa chache kabla ya amri kuanza, mawese ghafi nayo yakaingizwa.

Huko Kuala Lumpur, ambako mawese huuzwa kwa mikataba ya kupokea mzigo miezi ijayo, tani moja ilivuka ringiti 7,000. Waagizaji wenye hofu walinunua kwa bei hiyo.

Hofu hiyo ndiyo iliyowaumiza, maana marufuku ya mawese haiwezi kudumu. Mkungu wa chikichi ukishakatwa hauna subira. Usipokamuliwa ndani ya siku moja au mbili mafuta yake huharibika. Matangi yakajaa, viwanda vikakataa mikungu, na wakulima wadogo, wenye takriban asilimia 40 ya eneo la michikichi la Indonesia, wakaandamana Jakarta katikati ya Mei. Mei 23 milango ilifunguliwa. Julai, ili kuyatoa mafuta yaliyolundikana, serikali ilifuta kwa muda tozo ya usafirishaji nje. Mwezi huohuo bei ya Kuala Lumpur ilishuka chini ya ringiti 4,000.

Hesabu ni rahisi. Mkataba mmoja wa Kuala Lumpur ni tani 25. Kwa ringiti 7,000 ni ringiti 175,000. Kwa 4,000 ni 100,000. Aliyefunga bei mwishoni mwa Aprili alikuwa na mzigo uliopoteza ringiti 75,000 kwa kila mkataba katika muda usiozidi miezi mitatu, na baadhi ya siku hizo mzigo ulikuwa bado baharini. Mshindani wake aliyenunua kidogokidogo, mzigo wa mwezi kwa mwezi, alipata hasara pia, lakini alibaki na fedha ya kununulia Julai.

Dalili za kuangalia, basi, hutangulia marufuku yenyewe. Ya kwanza ni pengo kati ya bei iliyowekwa na serikali na bei inayotozwa sokoni Indonesia. Kipimo kizuri ni Minyakita, mafuta ya bei nafuu yaliyozinduliwa Julai 2022 kwa rupia 14,000 kwa lita na kupandishwa hadi 15,700 Agosti 2024. Machi 2025 ukaguzi ulikuta chupa za Minyakita zilizoandikwa lita moja zikiwa na pungufu. Bei isipolipa, kipimo hupungua. Mchuuzi wa Kariakoo hahitaji kufundishwa hilo.

Ya pili ni kiwango ambacho msafirishaji hulazimishwa kuuza nyumbani kabla ya kupewa kibali cha nje. Kilikuwa asilimia 20 Februari 2022, kikawa 30 Machi, na marufuku ikafuata mwezi uliofuata.

Ya tatu haitoki jikoni, lakini hugombea tangi lilelile na karai. Indonesia huchanganya mawese katika dizeli: asilimia 30 mwaka 2020, 35 mwaka 2023, na 40 kuanzia 2025. Kila hatua hupunguza mafuta ya kuuza nje. Mavuno nayo kwa kawaida huwa haba mwanzoni mwa mwaka na kufikia kilele karibu na Septemba na Oktoba. Kwa miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia kwenye miezi ile ya uhaba.