Mtoto asiyekula chapati hana maringo

Siku ya kufunga shule muhula uliopita, wazazi wa shule moja huku kwetu Kiambere walichangishana unga, mafuta na kuni, wakawapikia watoto chapati na ndengu. Lilikuwa jambo jema, na asiyejua thamani ya chapati katika nyanda hizi kame za Mbeere hawezi kuielewa shangwe iliyokuwapo. Binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alipofikiwa aliomba apewe ndengu pekee. Mwalimu wa zamu akamtazama toka utosini hadi unyayoni, kisha akasema mbele ya wenzake, "Mtoto wa mwalimu hawezi kula chakula kilichopikwa na wazazi wa wenziwe? Maringo hayo yaache kwenu."

Binti yangu akaipokea chapati. Akala nusu. Kwa siku nne zilizofuata hakuinuka kitandani ila kwenda msalani.

Simlaumu mwalimu huyo, kwa kuwa mimi nami ni mwalimu, na miaka kumi iliyopita ningalisema maneno hayo hayo, pengine kwa ukali zaidi. Lakini maadamu kosa la kutojua huzaa mateso sawa na kosa la kusudi, nimeona ni wajibu wangu kuyaandika haya, ili walimu wenzangu na wanafunzi wanaonisoma wajue ni kwa nini mtoto aweza kuukataa mkate ilhali ana njaa.

Binti yangu ana ugonjwa uitwao siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai mna protini inayojulikana kama gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa, na ndiyo inayoushika mkate usimeguke ovyo. Kwa watu wengi haina madhara yoyote. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikiingia tumboni, kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vijinyuzi vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula hulala na kuisha, na mtu hubaki akila bila kushiba mwilini. Damu hupungua, mifupa hudhoofika, mtoto hudumaa. Haya hurithiwa katika damu ya ukoo. Hayaambukizi, wala si kazi ya mchawi. Wataalamu hukadiria kwamba duniani kote mtu 1 katika kila 100 anao ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Nasi hatukujua kwa miaka mitano. Mtoto alipoharisha tuliambiwa ni minyoo. Alipovimba tumbo tuliambiwa ni ameba. Alipopauka tulipewa dawa za kuongeza damu, na damu ikakataa kuongezeka. Majirani, kwa nia njema, walileta mkate na maziwa ili apate nguvu, nasi tukamlisha mkate huo kwa mikono yetu. Sipendi kuikumbuka miaka hiyo. Hatimaye daktari mmoja aliagiza damu yake ipimwe, kisha kipande kidogo cha utumbo kikachukuliwa na kuchunguzwa. Jibu lilipokuja, daktari alituambia kwamba hakuna kidonge wala sindano ya kuuponya. Dawa ni moja tu: asionje ngano tena maisha yake yote.

Msomaji aweza kudhani kwamba elimu hii ni ya kale. La hasha. Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa ufasaha na tabibu Mwingereza, Samuel Gee, mwaka 1888, lakini chanzo chake hakikujulikana. Aliyekifumbua ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930, na njaa kuu iliyoikumba nchi yake katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, ikathibitisha shuku yake. Mkate ulipoadimika, watu walikula hata vitunguu vya maua. Lakini watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu. Mkate uliporejea, wakaugua tena. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake, na tangu hapo dunia ikajua.

Nilipomweleza mama yangu mzazi hukumu ya daktari, niliona haya, kana kwamba nilikuwa nikimtangazia msiba. Yeye alicheka. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nililelewa kwa mawele na mtama, na chapati niliionja nikiwa nimekwisha kuolewa. Mlete mtoto kwangu."

Maneno hayo yalinifungua macho. Nilikuwa mtoto wakati bwawa la Kiambere lilipokuwa likijengwa katika Mto Tana, hadi likakamilika mwaka 1988, nami nakumbuka vibanda vya mandazi vilivyochipuka kwa ajili ya vibarua. Sisi watoto tuliamini kwamba anayekula mandazi ameendelea, na anayekula mawele amebaki nyuma. Kumbe ngano ni mgeni wa juzi tu katika jiko letu. Kilimo chake kikubwa nchini kilianzishwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, pale Lord Delamere alipojaribu kuipanda Njoro na ugonjwa wa kutu ukamharibia. Leo hustawi Narok, Uasin Gishu na hata Timau kule Meru, lakini haikidhi mahitaji yetu, na sehemu kubwa ya ngano tuilayo huletwa kwa meli. Chakula cha ardhi hii yetu ni mtama, mawele, wimbi, kunde, mbaazi na ndengu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye gluteni.

Basi ikawa kwamba chakula tulichokiita cha njaa ndicho kilichomrudishia binti yangu uhai. Asubuhi hunywa uji mchachu wa wimbi, nafaka yenye kalisi nyingi kupita mtama, mahindi na mchele, na kalisi ndiyo mifupa. Mchana hula githeri. Jioni ugali wa mtama au wa mahindi kwa kunde, au wali wa Mwea kwa ndengu. Baada ya miezi sita mashavu yalirudi. Baada ya mwaka alikuwa amewapita wenzake kimo.

Hata hivyo nisije nikawapotosha wasomaji kwamba kazi ni nyepesi. Ngano ni mjanja wa kujificha. Samaki wa bwawani, chakula safi kabisa, baadhi ya wauzaji humpaka unga wa ngano kabla ya kumkaanga. Viazi vya kukaanga huzamishwa katika mafuta yaliyokwisha kupika mandazi. Soseji nyingi hutiwa makombo ya mkate, na viungo vya pakiti vya kuongezea mchuzi uzito huweza kuwa na ngano. Vinywaji vya kimea hutokana na shayiri. Unga wa uji uliochanganywa, unaosifiwa kuwa una nafaka saba au nane, aghalabu una ngano miongoni mwake. Kwa hiyo nimejifunza kusoma maandishi madogo ya kila pakiti dukani kama mwalimu asahihishaye insha, na pakiti isiyotaja kilichomo huirudisha rafuni.

Soko la Kiritiri ni rahisi kuliko duka. Pale nanunua nafaka nzima kwa gorogoro, naipepeta mwenyewe na kuiokota. Hatari iko kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu jiwe lililosaga mchanganyiko wenye ngano hubakiza vumbi lake. Nimepatana na msagaji niwe wa kwanza alfajiri, nasi huanza na kibaba cha mahindi cha kusafishia jiwe, ambacho huishia kwa kuku. Mwanzoni alinicheka. Siku hizi yeye ndiye hunikumbusha.

Nilipokwenda Nairobi niliona rafu nzima ya vyakula vya kigeni vilivyoandikwa kwamba havina gluteni. Kwa viwango vya kimataifa vilivyorekebishwa mwaka 2008, chakula kinachouzwa kwa jina hilo hakipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Nilishika pakiti ndogo ya biskuti, nikatazama bei, nikaihesabia ni gorogoro ngapi za mtama, nikairudisha. Mzazi wa Kiambere asidanganyike kwamba mtoto wake hawezi kupona bila rafu ile.

Lakini mtoto ni mtoto, na Krismasi bila chapati ni kilio. Aliyetuokoa ni mwalimu mwenzangu mzaliwa wa Lamu, aliyeshangaa kusikia kwamba tumekosa mkate. "Kwani huko bara hamjui mkate wa mchele?" aliuliza. Akamfundisha mke wangu kuroweka mchele, kuusaga kwa tui la nazi, kutia sukari, hamira na iliki, kuuacha uumuke, kisha kuuchoma taratibu mpaka uwe mkate wa kumimina. Akamfundisha na vitumbua. Waswahili wa pwani wamekula mikate isiyo na chembe ya ngano kwa vizazi na vizazi. Nasi tukaongeza yetu: unga wa mtama na wa muhogo huchanganywa, hutiwa yai na maji, na hupikwa mwepesi kama chapati za maji. Haivutiki kama ya ngano, na ukiikunja kwa pupa hukatika. Ila ikiliwa ya moto, hata wageni huomba ya pili. Pani yake, mwiko wake na ubao wake vimetengwa, wala havikutani na ngano.

Kanisani pia tulikuwa na mashaka, kwa kuwa hostia ni ya ngano. Barua ya Vatikani ya mwaka 2003, iliyokaririwa mwaka 2017, yaeleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, lakini yenye gluteni kidogo inakubaliwa, na asiyeweza hata hiyo aruhusiwa kupokea divai peke yake. Padri wetu alitusikiliza kwa utulivu. Binti yangu hupokea divai kutoka kikombe kisichotiwa kipande cha hostia, na hakuna muumini aliyemnyooshea kidole. Nauliza basi: ikiwa kanisa lenye desturi za karne ishirini limeweza kutafuta njia, shule yashindwa na nini?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Karibuni binti yangu ataingia shule ya bweni. Chakula cha shule zetu nyingi, yaani ugali, githeri na wali kwa maharagwe, kingemfaa bila gharama ya ziada hata ya shilingi moja. Linalomtisha ni upawa uliotoka kwenye sufuria nyingine, mkate wa asubuhi usiokuwa na badala yake, na mwalimu anayedhani kwamba kukataa chakula ni utovu wa nidhamu. Namwomba kila mwalimu mambo matatu. Mtoto akisema chakula fulani humdhuru, muulize kwa faragha kabla ya kumkemea hadharani. Mtoto anayeharisha mara kwa mara, aliyedumaa na kupauka ilhali anakula, mhimize mzazi ampeleke hospitali. Na anapokosa mkate, mpe viazi vitamu au uji wa wimbi bila kumfanya kichekesho.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Mwenzako akikataa kipande cha keki yako, usimlazimishe kwa jina la urafiki.

Nina tahadhari moja kwa wazazi. Kuna watu siku hizi wanaoikimbia ngano kwa kufuata mtindo tu, bila ugonjwa wowote. Hilo ni hiari yao. Ila anayeshuku kwamba mwanawe ana siliaki asimwachishe ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu ikiisha kutoka mwilini, vipimo huweza kudanganya kwamba mtoto ni mzima. Na mmoja akionekana nayo, ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe, maana huwapata jamaa wa karibu kwa wingi zaidi. Vilevile asidhani kwamba mahindi peke yake yatosha. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 katika sehemu hizi za mashariki mwa Kenya. Nafaka ikaushwe vizuri, na chakula kibadilishwe.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mwalimu yule wa zamu kibandani kwangu. Alikuwa amesikia habari kutoka kwa wengine, naye alikuja na mfuko wa ndengu kutoka shambani kwake. Hatukusema mengi. Binti yangu alimwandalia chai na chapati moja ya mtama, akaila yote, kisha akamwuliza, "Hii mwaipikaje?" Binti akaketi, akaanza kumfundisha.